Kingo za Bustani ya Ukweni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu Deo, ni ile niliyorudi kutoka kisimani nikamkuta Bi Mwasiti anateremka mlimani na kingo za bustani yangu kichwani. Mabanzi na mianzi yote alikuwa ameifunga kwa kamba ya mgomba kama mzigo wa kuni, na anaimba. Hakuona haya hata kidogo. Aliponiona akasimama, akanisalimia vizuri, akaniuliza mimba inaendeleaje, kisha akashika njia yake.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya simu yako ya juzi. Umeniambia mama mkwe wako kule Kinole amewapa kipande nyuma ya nyumba, kina mteremko mkali, na unataka kuinua matuta ya mboga yenye kingo pembeni ili mvua isibebe udongo. Ukauliza, mama, nijenge kwa kitu gani? Ukatuma na picha, dada yako akanionyesha kwenye simu yake: matairi, mbao, mapipa yaliyopasuliwa, tofali za simenti. Nimezitazama zote. Nadhani matuta yale yalipigwa picha kabla ya masika, maana sikuona tone la tope. Swali lako ni fupi, jibu lake ni refu, na wewe unanijua, jibu refu silikimbii.

Baba yako alikuja Matombo akitoka Dakawa. Huko kwao ni mpunga na maji ya mfereji, ardhi imelala kama mkeka, mtu akiangusha limau halibingiriki. Alipokuja huku kwetu mara ya kwanza alishika miti njia nzima. Lakini alikuja, kama wanaume wengi walivyokuja kwa wake zao, kwa sababu kwetu ardhi inafuata ukoo wa mama. Mambo haya unayajua, ila ninyi mliosomea mjini mnayajua kwa masikio tu. Sisi tuliyaishi. Mwanamume akioa huku, analima shamba la wakwe zake. Anakula, analea watoto, anazeeka, lakini mlima unabaki wa akina mama na wajomba.

Bibi yako Skolastika, Mungu amrehemu, alitupa kipande cha juu ya nyumba yake. Kipande chenyewe ndicho hiki hiki chenye mchicha ulioula Krismasi. Wakati ule kilikuwa kimekwisha kabisa, mvua ilikuwa imeukokota udongo wote mzuri hadi bondeni, umebaki ule mwekundu unaoteleza. Bila matuta ya kuinuliwa hapakuwa na cha kupanda. Baba yako akaniambia, "Niachie mimi." Nikamwachia.

Alianza na vigogo vya migomba. Si kitu kibaya, mwanangu, usikidharau. Mgomba ukishakatwa mkungu, kigogo chake ukikilaza kinashika tuta, kinatunza unyevu, na kikioza kinakuwa mbolea. Ila kinakaa msimu mmoja tu, na konokono wanakifanya nyumba ya kulala wageni, usiku wanatoka kula kabichi zako. Masika yalipokolea vile vigogo vililainika, matuta yakalegea, tope likateremka hadi kwenye maharage ya mama.

Baba yako akacheka, akapanga upya. Safari hii akaleta viroba vya mbolea vilivyokwisha kazi, akavijaza udongo, akavipanga pembeni. Jua likavila. Hadi leo nikilima kona ile jembe linatoka na nyuzi nyeupe za plastiki, na kila nikiziona namtukana kimoyomoyo kisha najicheka. Viroba vilipopasuka akaleta mianzi. Mianzi ni mizuri ukiikata iliyokomaa na kuiloweka mtoni mpaka utamu wake utoke, maana utamu ndio unaomwita mdudu bungua. Yeye mtu wa mpunga angejua wapi? Akaikata michanga na mibichi, bungua wakaitafuna mpaka ukipita karibu unasikia wanavyosaga. Mwisho akaomba mabanzi ya mkaratusi kwa wapasua mbao, akayasimamisha na kuyafunga kwa kamba. Hakupiga hata msumari mmoja.

Mimi nilikuwa namwona anavyohangaika, na kila akianza upya anapiga mluzi, hanung'uniki. Nilimpenda kwa mluzi ule. Lakini mama hakuusikia mluzi. Mama aliona viroba.

Na hapa uelewe heshima ya zamani ilivyokuwa. Mkwe na mama mkwe hawakuzungumza ana kwa ana. Baba yako akikutana na mama njiani anaingia porini kumpisha. Wakiwa uani wote wawili, mimi katikati, mama anasema, "Mwambie mumeo kuna ugali," na yeye amesimama pale pale, masikio anayo, ananisubiri mimi nimwambie kuna ugali. Mimi nilikuwa simu yao. Ugali na kuni nilivipitisha vizuri. Lililokuwa moyoni mwa kila mmoja wao halikupita kwangu, kwa sababu hakuna aliyelisema.

Tope lilipoingia kwenye maharage mara ya pili, mama aliniita jikoni. Alikuwa anachochea moto, hakunitazama.

"Mwanaume anayejenga kwa viroba na kamba, huyo mizigo yake ameshafunga," alisema. "Mlima huu umejaa mawe mpaka watu wanajikwaa. Yeye hajaokota hata moja. Unafikiri kwa nini?"

"Sijui, mama."

"Anataka siku akiondoka asiache kitu cha kumsikitisha. Jumapili baada ya misa mjomba wako anakuja. Kipande tutakichukua, na yeye atatuambia mbele ya watu kama anakaa au anakwenda. Sitaki mjukuu wangu azaliwe huku baba yake yuko njiani."

Mwanangu, kilichoniumiza ni kwamba maneno ya mama yalipata pa kukaa. Mwezi mmoja nyuma rafiki wa baba yako alikuja kutoka Mzinga, kule kwenye kiwanda kikubwa, akamwambia wanatafuta vijana wenye nguvu. Mbele yangu baba yako alisema tu, "Nimesikia." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Tangu mama aongee nami jikoni nikaanza kuyatazama yale mabanzi kwa jicho jingine. Usiku nikigeuka kitandani nahesabu vitu vyake vilivyomo ndani: shati, viatu, redio. Kila kitu chake kilikuwa cha kubebeka. Nilitaka kumuuliza, neno likifika mdomoni nalimeza. Niliogopa jibu.

Ndipo akaja Bi Mwasiti.

Bi Mwasiti alikuwa jirani yetu wa bonde la pili, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Yeye Mwislamu, mama Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, na walipendana kama ndugu. Zaidi ya hapo, ukoo wake na ukoo wetu ni watani toka enzi. Mtani akikuchukulia kuku huendi kwa mwenyekiti wa kijiji. Unamkomboa kuku wako kwa kitu fulani, mnacheka, yamekwisha. Na mtani anayo ruhusa ambayo hata padri hana: anaweza kukusema hadharani jambo lolote, na wewe ukikasirika, aibu ni yako.

Basi nikamfuata na ndoo yangu. "Bi Mwasiti, unapeleka wapi hizo?"

"Kwangu. Kuni zimeniishia."

"Si kuni hizo. Ni kingo za bustani ya mume wangu."

"Za mume yupi? Mimi nimeona mizigo ya mpita njia, imefungwa kamba vizuri kabisa, imesahauliwa mlimani. Nimeokota." Na badala ya kuendelea kwake, akakata kona akaingia uani kwetu, akautupa mzigo chini katikati ya uwanja, akaukalia.

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Baba yako akatokea na jembe begani. Aliona mabanzi yake chini ya mtani, akanitazama mimi, mimi nikatazama ndoo. Akatabasamu kidogo maana utani aliuelewa, huko kwao pia upo.

"Shikamoo, Bi Mwasiti. Niyakomboe kwa kitu gani? Kuku yupo."

"Marahaba. Kuku mle wenyewe, mke wako ana mimba. Mimi nataka jibu." Akaketi vizuri zaidi. "Unaondoka lini?"

Hapo tabasamu la baba yako lilikwisha. "Naondoka kwenda wapi?"

"Sijui, wewe ndiye uliyefunga. Toka uje sijaona ukiweka kitu hapa ambacho mtu hawezi kukibeba kwa kichwa, na leo nimejaribu, nimevibeba vyote kwa safari moja, mimi na umri wangu huu. Mlima wote mawe! Umeshindwa kuinua jiwe, au mawe ya wakwe zako yanakuuma mikono?"

Baba yako aliweka jembe chini taratibu. Alikuwa anazungumza na Bi Mwasiti, lakini sauti aliipandisha kidogo, ndipo nikajua anataka ifike mlangoni mwa jiko.

"Mawe si yangu," alisema. "Nilipotoka nyumbani, mama yangu alinifunda. Aliniambia, unakwenda kwenye ardhi ya watu. Usipande mti wa kudumu, usipange jiwe, usiweke kitu ambacho hutaweza kukiondoa wakikuambia ondoka. Maana ukiweka watasema mgeni amekuja kutunyang'anya mlima. Mimi nimejenga kwa hivi vitu ili mama mkwe asinione mnyang'anyi. Vikianguka nainua tena. Nimepania kuinua hivyo hivyo mpaka nizeeke, kama itabidi. Siendi popote. Mzinga waliponiita nilikataa siku ile ile, sikuona sababu ya kumsumbua mke wangu na habari ya kazi nisiyoitaka."

Nililia, sikuficha. Miezi yote ile mmoja alikuwa anaonyesha adabu na mwingine anaona dharau, na kitu chenyewe walichokuwa wakikitazama ni kimoja, mabanzi na kamba. Bi Mwasiti naye akabaki anajifunga upya kanga.

Mama alisimama. Aliweka ungo juu ya kinu, akaingia jikoni. Tukasikia chungu kinatuliwa. Akatoka amebeba jiwe kwa kanga iliyokunjwa, maana lilikuwa bado la moto, jeusi upande mmoja, lina majivu. Lilikuwa figa moja kati ya mafiga yake matatu. Mafiga hayo alipewa na mama yake siku alipoanza kupika jikoni kwake mwenyewe, na mchana ule maharage yalikuwa bado hayajaiva.

Akampita baba yako karibu kabisa, hakumngoja aingie porini. Akapanda hadi kwenye bustani, nasi nyuma yake, akalikandamiza lile jiwe kwenye kona ya chini ya tuta la kwanza, pale maji yanapopenda kutokea. Akapangusa mikono.

"Mwambie aanzie hapa," akaniambia.

"Sasa wewe utapikia wapi, Skolastika, na mafiga mawili?" Bi Mwasiti aliuliza.

"Nitakula kwa mkwe wangu," mama alisema.

Toka aje hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa mumeo, mumeo. Baba yako aligeuka upande wa bonde akajifanya anatazama mawingu, na mimi sikumfuata, nilimwacha na mawingu yake.

Jumapili mjomba alikuja kweli baada ya misa, uso ameukunja tayari kwa kikao. Akamkuta mkwe kavua shati anapanga mawe, na dada yake Skolastika anamsogezea yale madogo ya kuzibia mianya. Mama akamweleza kwa maneno machache. Mjomba akasimama, akakuna kichwa, akauliza kama chai ipo. Kisha kwa hiari yake mwenyewe akabeba jiwe moja akaliweka. Toka siku ile mama hakuwasha moto jikoni kwake tena. Alikula kwetu mpaka Mungu alipomchukua, na kila siku alilalamika chumvi, na kila siku alimaliza.

Sasa nikupe ulichokiomba, mwanangu, sikiliza.

Mbao zilizopakwa oili chafu ziache, hata kama fundi anakuapia kwamba mchwa hawagusi. Mchwa hawagusi kwa sababu ni sumu, na kinachoingia kwenye udongo kinaingia kwenye figiri, kisha kwenye tumbo la mtoto. Nguzo kuukuu zenye dawa ni vivyo hivyo. Matairi yanachemka juani na mizizi inaungua, tena sijui yametoka na nini, mimi siyataki karibu na chakula. Viroba nimeshakuambia. Tofali ukilipata la kuchoma, ligonge: likilia vizuri lichukue, likitoa sauti ya kibuyu halikuiva, masika yatalirudisha kuwa tope. Mianzi na mabanzi na migomba tumia mahali unapojaribu, kama hujajua bado tuta likae wapi. Hakuna aibu kuanza na kitu cha kuoza.

Lakini mteremko kama huo wa Kinole unataka mawe. Chagua yenye mgongo bapa, ya mviringo ya mtoni waachie watoto wachezee. Chimba kwanza, jiwe likae na tumbo lake pana chini, na ukuta uegemee mlima kidogo, usisimame wima kama askari. Na usizibe kwa simenti! Maji yakikosa pa kutokea yatatafuta, na yakitafuta yatabeba ukuta mzima. Acha mianya, panda nyasi au vitunguu majani humo. Baba yako ndivyo alivyofanya, na ukuta wake mpaka leo umesimama, ingawa yeye mwenyewe goti linamsumbua. Yuko hapa anatoa njegere maganda, anasikia ninachotaka asikie tu.

Na kabla ya yote hayo, mwanangu, zungumza. Hii ndiyo nasaha yenyewe, hayo ya mawe ungeyapata kwa fundi yeyote. Usijenge kwa kukisia mama mkwe wako anapenda nini, hata kama unakisia kwa heshima. Heshima isiyosemwa mtu anaweza kuisoma upande mwingine kabisa. Siku hizi wakwe mnaongea kwenye simu, mnatumiana picha, hamna sababu ya kungoja mtani aje kuwachukulia kuni. Mwambie waziwazi, mama, nataka kukaa. Muulize, unaniruhusu niweke kitu cha kudumu? Akisema hapana, jenga kwa mabanzi na uendelee kumpenda. Akisema ndiyo, jenga kwa mawe.

Ukija Jumamosi njoo na mfuko mgumu. Baba yako asubuhi ya leo, na goti lake hilo, amekwenda kwenye kona ya chini ya tuta la kwanza, amelitoa lile jiwe la bibi yako na kuweka lingine mahali pake. Sikumtuma. Amelipangusa, ameliweka mlangoni, bado lina ule upande mweusi wa moto. Amesema, "Mimi nilipewa. Yeye apeleke." Basi ulipeleke. Usilitangulize bustanini. Lipeleke jikoni kwa mama mkwe wako, ulitue mbele yake, umwambie limetoka kwenye moto wa bibi yako, kisha umuulize, "Mama, niliweke wapi?"

Popote atakapokuonyesha, hapo ndipo kwenu. Nenda, mwanangu. Mvua ya Kinole ikunyeshee kwa kiasi, udongo wako ukae, mkeo acheke, watoto wenu wale mboga mpaka wazichoke, na mama mkwe wako alalamike chumvi kwenye meza yako miaka mingi.